Panga Saa Kabla ya Rangi: Kujisomea Sanaa Bunifu Kisiwani

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wazazi, walezi na wanafunzi wa sekondari msingi katika kisiwa cha Takawiri, Suba Kaskazini. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti, hasa familia za visiwani na za fuoni.



Najua baadhi yenu mmetoka ziwani alfajiri na hamjalala. Najua pia kuna mama hapa aliyeacha omena juani na jicho lake moja liko kwenye mawingu. Kwa hivyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumza juu ya somo moja ambalo watoto wetu wanalisoma kuanzia Gredi ya 7 hadi ya 9, yaani Sanaa Bunifu na Michezo. Na nimekuja na ombi moja kwa wazazi, ambalo nitalitaja baadaye.

Nianze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwanafunzi wa sekondari msingi ana masomo 9. Katika tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, ile ya KJSEA iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, kila somo lina pointi 8 za juu kabisa. Jumla ni pointi 72. Ndani ya jumla hiyo, pointi 8 za Sanaa Bunifu na Michezo zina uzito sawa na pointi 8 za Hisabati. Mtoto anayedharau somo hili kwa sababu nyumbani linaitwa mchezo anatupa pointi ambazo jirani yake anaziokota.

Hesabu ya pili ni hii. Matokeo ya mwisho hayatoki kwenye mtihani mmoja. Asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine hutoka kwenye tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 60 ndiyo ya mtihani wa Gredi ya 9. Maana yake, mtoto aliye Gredi ya 7 leo tayari anajenga matokeo yake. Hawezi kusema atashika penseli akifika Gredi ya 9.

Hesabu ya tatu inahusu mbele. Tangu Januari 2026, watoto wa kwanza wa mtaala huu wameingia Gredi ya 10, na huko kuna mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Katika mkondo wa tatu mtoto anaweza kusomea sanaa za kuchora na kuchonga, muziki na densi, maigizo na filamu, au michezo. Lakini si kila shule inafundisha mkondo huo. Mzazi, kabla hujajaza uchaguzi wa shule, uliza kama shule unayoitaka ina masomo ambayo mtoto wako anayataka. Kutoka Takawiri kwenda shule yoyote ya sekondari pevu iliyo bara ni safari ya boti na gari, na ni karo na nauli. Si safari ya kufanya kisha ukagundua umefika mahali pasipo pake.

Sasa tuseme ukweli kuhusu shule zetu za visiwani. Walimu wa sekondari msingi huajiriwa na TSC, si serikali ya kaunti. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya mafunzo ya ufundi. Nasema hivi ili mjue mlango wa kubisha mnapotaka mwalimu zaidi. Wakati mnabisha, mtoto anaendelea kukua. Mwalimu mmoja hubeba masomo kadhaa, na mara nyingi hakusomea sanaa chuoni. Anafanya awezalo. Kinachobaki, mtoto lazima ajisomee. Na kujisomea bila mpango ni kama kwenda ziwani bila kujua upepo.

Ninyi wanafunzi, nisikilizeni hapa. Wengi wenu mkiambiwa mpange kujisomea sanaa, mnaanza na orodha ya vitu: rangi za maji, brashi, karatasi kubwa, kifutio kizuri. Orodha ikikosa pesa, mpango unakufa. Mimi nawaambia anzeni na saa. Vifaa vitafuata. Mtoto mwenye saa nne kwa wiki na kipande cha mkaa atamshinda mtoto mwenye sanduku la rangi lisilofunguliwa.

Saa hizo nne mtazipata wapi? Tuangalie siku ya kisiwani ilivyo, si siku ya mtoto wa Nairobi.

Kwanza, mwanga. Sisi tuko karibu sana na ikweta. Jua letu huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. Hii ni bahati ambayo mtoto wa Uingereza hana. Ukipanga kuchora saa kumi na moja jioni mwezi wa Machi, mwezi wa Agosti bado utakuwa na mwanga saa hiyo hiyo. Kazi ya rangi ifanywe mchana. Taa ya manjano hubadilisha rangi: unachodhani ni buluu usiku, asubuhi unakikuta kingine. Usiku uwe wa kusoma na kuandika.

Pili, ziwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa giza ndio wenye mavuno. Asubuhi yake kila mkono nyumbani unahitajika kuanika. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki na wavuvi hupumzika. Basi mpango wako ufuate mwezi. Wiki za giza, fanya kazi fupi fupi: michoro ya dakika kumi, maelezo ya daftarini. Wiki za mbalamwezi, fanya kazi kubwa. Na kuna miezi ya Aprili hadi Julai ambapo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Kwa familia hiyo ni miezi migumu ya mfuko, nafahamu. Lakini kwa mwanafunzi ndiyo miezi yenye nafasi, na ndani yake mna likizo ya Aprili. Itumieni.

Tatu, ibada. Hapa kwetu kuna Wasabato wengi. Mpango ninaoutoa una kazi kubwa siku ya Jumamosi. Anayeitunza Sabato abadilishe, kazi kubwa iende Jumapili. Mpango ni wako, uvae mwili wako.

Sasa wiki yenyewe iwe hivi. Jumatatu na Jumatano, nusu saa kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni: chora kitu kimoja kilicho mbele ya macho yako. Boti iliyopinduliwa ufuoni, sufuria, mguu wa dada yako, mnazi. Usichore kutoka kichwani, na usifuatishe picha ya mtu mwingine kwa karatasi ya kupitisha mwanga. Ijumaa usiku, nusu saa ya kusoma misingi: mstari, umbo, rangi, mguso wa kitu, mwanga na kivuli, nafasi, kisha urari, mdundo, uwiano na umoja wa kazi. Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa sita: kazi kubwa. Jumapili, nusu saa ya kutazama kazi ya mtu mwingine na kuandika sentensi tatu juu yake. Jumlisheni: ni saa nne. Kwa wiki 12 za muhula, ni saa 48.

Kwa nini nimeweka hiyo nusu saa ya Jumapili? Kwa sababu mtaala wa somo hili una nguzo tatu: misingi, kuunda na kuigiza, na kuthamini kazi za sanaa. Watoto wengi hufanya ya pili tu, kwa kuwa ndiyo tamu. Nguzo ya tatu huachwa, halafu swali likija linalotaka mtoto aeleze kazi ya sanaa, anaandika "ni nzuri" na kuweka kalamu chini. Sentensi zenu tatu ziwe hizi: Kazi hii imetengenezwa kwa nini na vipi? Jicho langu linakwenda wapi kwanza, na kwa sababu gani? Ningebadilisha nini?

Na msiseme hapa hakuna cha kutazama. Ng'ambo hiyo ni Mfangano. Kule Mawanga na Kwitone kuna michoro ya kale kwenye miamba, miduara ndani ya miduara kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo watafiti huihusisha na Watwa, wawindaji waliokaa huku kabla yetu. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuiona. Mkienda na mwalimu, tazameni na mchore daftarini. Msiiguse, msiimwagie maji ili ing'ae, msiandike majina yenu kando yake. Na huko Jumba la Makumbusho la Jamii ya Abasuba mtaona vyombo vya wazee wetu.

Upande wa Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizosimama kwa karne kadhaa bila saruji wala udongo wa kushikilia, jiwe likibeba jiwe. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwanafunzi anayetaka kuelewa neno "urari" asitafute mbali. Atazame jinsi jiwe kubwa na dogo zilivyopangwa hapo.

Hata hapa ufuoni, boti zetu zimepakwa rangi na kuandikwa majina. Nani aliamua nyekundu ikae juu ya njano? Muulizeni fundi. Hiyo ni nusu saa ya Jumapili, na haina nauli.

Turudi kwenye kazi kubwa ya Jumamosi. Muhula mmoja uwe na kazi tatu zilizokamilika, si kumi zilizoachwa njiani. Kila kazi ina wiki nne. Wiki ya kwanza, tazama na uchore michoro midogo ya majaribio, angalau sita. Wiki ya pili, jaribu vifaa kwenye vipande vidogo. Wiki ya tatu, ifanye kazi yenyewe. Wiki ya nne, imalize, ibandike kwenye katoni, andika jina lako, gredi, tarehe na vifaa ulivyotumia, kisha aya moja ya kueleza ulichokusudia. Wiki ya 12 iwe pia ya maonyesho: fungeni kamba darasani au barazani mwenu, mwanike kazi kama mnavyoanika nyavu, muwaite wazazi watazame.

Kazi ya kwanza iwe ya kuchora au kupaka rangi. Ya pili iwe ya mikono: kusuka, kufinyanga au kubandika vipande. Ya tatu iwe ya kuimba, kucheza ngoma au kuigiza. Hapa wengi huuliza, "Nitajisomeaje ngoma peke yangu?" Huwezi, na hupaswi. Nenda kwa mzee anayejua wimbo wa kuvuta nyavu, au anayepiga nyatiti au orutu. Mwamkie vizuri, kaa chini, msikilize. Andika maneno, andika wimbo huimbwa lini na nani huanza na nani hupokea. Piga mdundo wake kwa makofi mpaka uushike. Kisha wafundishe wenzako wanne. Huko ni kusoma, na mzee huyo ni mwalimu ambaye TSC haikumwandika.

Sasa ndipo nafika kwenye vifaa. Mkaa wa jikoni huchora kivuli kuliko penseli nyingi. Udongo mwekundu uliochujwa na kuchanganywa na uji mwembamba wa unga hutoa rangi. Manjano ya dukani hutoa njano. Maganda ya vitunguu yaliyochemshwa hutoa hudhurungi. Katoni za sabuni na mkate ni karatasi nene. Mchanga wetu mweupe, ukinyunyiziwa juu ya gundi, ni mguso. Nyavu zilizochakaa, mafunjo na mabua ya gugumaji yaliyokaushwa ni vya kusuka. Jambo moja: msiingie ziwani peke yenu kutafuta mabua. Nendeni na mtu mzima. Hakuna kazi ya sanaa yenye thamani ya maisha ya mtoto.

Kama kuna anayedhani hivi ni vifaa vya maskini, ampe sikio Rosemary Karuga. Alikuwa Mkenya, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea sanaa chuoni Makerere, miaka ya mwanzo ya 1950. Baadaye alifundisha na kulea familia. Alipoirudia sanaa akiwa mtu mzima, hakuwa na pesa za rangi. Alichukua karatasi za kufungia sabuni na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo na kubandika picha za watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, Marekani, katika jumba la Studio Museum in Harlem. Pakiti za unga ni zile zile mnazowashia moto jioni.

Na Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza kusomea sanaa, kisha akaenda Nigeria kujifunza kufinyanga kwa mkono kutoka kwa akina mama wafinyanzi wa Abuja. Leo vyungu vyake viko katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Mwanafunzi wa chuo alikaa chini akafundishwa na mama wa kijijini. Mtoto wa Takawiri ambaye nyanya yake anajua kufinyanga ana chuo nyumbani.

Jambo linalofuata ni ushahidi. Kazi yako yote iwe kwenye jalada moja. Katoni mbili na uzi zinatosha, na mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua. Michoro mibaya pia iwekwe, isitupwe, kwa sababu mwalimu anataka kuona ulikotoka. Mara moja kwa wiki mwonyeshe mwalimu, atie sahihi na tarehe. Mwalimu aliyechoka hawezi kukufundisha saa nne, lakini anaweza kukutazamia dakika tano. Mwombe pia muhtasari wa mtaala uone mada za muhula. KICD huuweka bure mtandaoni, na anayekwenda Mbita anaweza kuuchapisha saiba kwa niaba ya darasa zima. Simu ya mzazi itumike kupiga picha ya kazi kila hatua ikifika. Isigeuke kuwa darasa lenyewe, maana tunajua simu ikishikwa inaelekea wapi.

Sasa wazazi, nilisema nina ombi. Siombi pesa.

Naomba zile saa nne. Naomba kwamba mtoto akiwa na daftari saa kumi na moja jioni siku ya Jumatatu, asitumwe dukani mpaka nusu saa iishe. Naomba hasa kwa ajili ya wasichana. Sote tunajua mpango wa kujisomea wa mvulana na wa msichana hauvunjiki kwa njia moja. Mvulana huuvunja mwenyewe kwa mpira. Wa msichana huvunjwa na sisi: maji, kuni, mtoto wa kubeba, omena wa kugeuza. Kama kazi ni nyingi, igawanywe. Kijana wa kiume pia ana mikono, na omena hawaulizi ni nani anayewageuza.

Ombi la pili ni dogo. Msimfanyie mtoto kazi yake. Tangu mtaala huu uanze, kuna wazazi wanaokesha wakitengeneza kazi za watoto ili zipendeze. Mwalimu hujua mkono wa mtu mzima. Msaidie kupata mabua, mshikie ngazi, msifu, muulize, "Hapa ulikusudia nini?" Kisha mwache.

Na yule mtoto ambaye hatachagua mkondo wa sanaa? Hajapoteza. Anayetaka uhandisi atahitaji kuchora anachokiona kwa uwiano sahihi. Anayetaka ushonaji katika chuo cha ufundi cha kaunti atahitaji kujua kupanga rangi na kukata umbo. Anayetaka kubaki ziwani atahitaji boti ambayo watu wataikumbuka. Lakini zaidi ya hayo, atakuwa amejifunza kitu ambacho shule yoyote ya Gredi ya 10 itamdai siku ya kwanza: kukaa na kazi moja kwa wiki nne, bila kusukumwa, mpaka iishe.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, kila mwanafunzi achukue karatasi moja. Aandike siku zake na saa zake, aonyeshe mama au baba, wakubaliane, kisha aibandike mlangoni. Mzazi atie sahihi chini. Mkishaweka sahihi, hiyo ni ahadi ya nyumba, si ya mtoto peke yake. Mwalimu ataziomba karatasi hizo Jumatatu, nimekwisha kuzungumza naye.

Nawaachia nafasi ya maswali. Na mama yule wa omena, naona mawingu yamesogea upande wa Mfangano; unaweza kukaa dakika kumi zaidi.